Kisa Kisicho na Mwisho: Kuisoma Sheria ya Kuzuia Ugaidi

Zamani katika Kiswahili gaidi alikuwa mnyang'anyi. Ulimjua kwa alichokitenda: amevamia, amepora, amejeruhi. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 imeliongezea neno hilo uzito wa nia. Kifungu chake cha 4 kinataja vitendo vya wazi, kisha kinauliza kama vinaweza kuchukuliwa kuwa vilikusudiwa kuutisha umma au kuishurutisha serikali. Kwa haki, kifungu hichohicho kinayakinga maandamano na migomo isiyokusudia madhara. Hata hivyo, wa kwanza kuikisia nia ya mtu ni yule anayemshtaki.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fasihi, na nimezoea kuuliza kisa kinaishaje. Kisa hiki kilianza na damu ya kweli. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 11 kwenye ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Mwaka 2013 hofu ilifika kaskazini: Mei kwenye kanisa la Olasiti, Arusha, na Juni kwenye mkutano wa CHADEMA, viwanja vya Soweto. Sisi wa Endabash hatukuzisikia habari hizo kama za mbali. Arusha ndiko tunakopeleka wagonjwa na wanafunzi, na jimbo letu la Karatu lilikuwa na mbunge wa CHADEMA, Dkt. Wilbrod Slaa, kuanzia 1995 hadi 2010. Aliyekwenda kusali au kusikiliza hotuba alistahili kulindwa, na sheria kali dhidi ya mabomu siipingi.

Ninachokipinga ni namna visa hivi vinavyomalizwa. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, akiwamo Farid Hadi Ahmed, walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014. Walitoka Juni 2021, baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuondoa kesi. Freeman Mbowe alikamatwa Mwanza Julai 2021, kabla ya kongamano la Katiba. Mahakama ilisema ana kesi ya kujibu, lakini Machi 2022 mashtaka yakaondolewa kabla hajajitetea. Katika visa vyote viwili hukumu haikuandikwa.

Wakati wote huo dhamana haikuwapo, kwa sababu kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaizuia kwa kosa la ugaidi. Mei 2020 Mahakama Kuu iliona kifungu hicho kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo Ibara ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji, huku miaka ikihesabika gerezani.

Wanaotetea hali hii husema ni mizani: usalama upande mmoja, haki za mtuhumiwa upande wa pili. Naona mizani hiyo imefungwa vibaya. Kesi ikiondolewa bila hukumu, asiye na hatia hasafishwi na mwenye hatia hathibitishwi, na anayeogopa bomu hajui kama amelindwa. Kwetu watu waliifuata kesi ya Mbowe kwa redio na simu, na ilipokwisha waliulizana: basi ilikuwa kweli au si kweli? Hakuna aliyeweza kuwajibu.

Kenya imeumizwa kuliko sisi, Westgate 2013 na Garissa 2015, lakini Katiba yake inamwachia hakimu uamuzi wa dhamana hata kwa mtuhumiwa wa ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu yao ilifuta vifungu vinane vya sheria mpya ya usalama. Si kwamba Kenya ni safi. Familia nyingi za Pwani bado zinawatafuta ndugu zao waliopotezwa. Lakini angalau kwenye maandishi, hakimu ana kalamu.

Nasi tuwape mahakimu wetu kalamu hiyo, tuweke ukomo wa muda wa kukaa mahabusu kabla ya kesi kusikilizwa, na anayeondoa mashtaka ya ugaidi alazimike kueleza sababu mahakamani.