Boti Imefika Kihonda, na Tela Lake Ndilo Habari

Acheni kwanza injini. Acheni viti vyeupe, acheni spika, acheni hata lile tao la chuma la juu linalofungiwa kamba ya mchezaji. Inameni mtazame tela! Ekseli mbili, breki zake lenyewe, na mti wa mbele unaokunjwa kwa bawaba ili mzigo wote upite getini bila kubomoa ukuta. Juu yake imekaa MasterCraft ya futi 20, mali ya rafiki yangu, na makazi yake ni Kihonda, Morogoro, karibu kilomita 200 kutoka baharini. Omo inatazama Uluguru, tezi inatazama banda la kuku.

Watu wanacheka, na wana haki. Chalinze, tulipopunguza mwendo, kijana mmoja alituuliza kama tunakwenda kuvua Ngerengere. Lakini mimi nasema, na nitalisema mbele ya yeyote: Morogoro ndiko boti ya namna hii inakostahili kulala. Injini yake hunyonya maji ya pale ilipo ili ijipoze. Baharini hunyonya chumvi, na chumvi hiyo hubaki kwenye mabomba, kwenye pampu, kwenye matangi ya maji ya uzito, kwenye diski za breki za tela. Boti inayolala Msasani, pwani ya Dar es Salaam, hulala ndani ya chumvi hata ikiwa nchi kavu, maana upepo wenyewe una chumvi. Hii yetu inarudi juu, inachomekwa mpira wa bustani, na maji matamu yatokayo mlimani yanaipitia tumboni mpaka yatoke safi. Dar es Salaam nayo hunywa maji ya Mto Ruvu, ambao vijito vyake vingi huanzia milima hiyohiyo, ila yanafika kwao yakiwa yamechoka na safari.

Sasa injini. Wengi tuliozoea boti za pwani tunatarajia mashine inayoning'inia tezi. Hapa nyuma ni patupu! V8 imefichwa ndani, na propela iko chini ya tumbo la boti, mbele ya ukingo wa nyuma. Mchezaji anayeteleza mita tatu nyuma yako hana panga linalomzungukia miguuni. Kwa mchezo wa kupanda wimbi bila kamba hilo ndilo sharti la kwanza, na mtu asikudanganye kuufanya nyuma ya boti yenye mashine ya kupachika.

Mchezo wenyewe una umri. Ralph Samuelson alisimama juu ya mbao mbili katika Ziwa Pepin, Minnesota, mwaka 1922, akivutwa na boti, na dunia ya watu wenye muda wa Jumapili haikurudi ilivyokuwa. MasterCraft, kampuni ya Tennessee, ilikuja baadaye, mwaka 1968, mwanzilishi wake Rob Shirley akitafuta boti yenye wimbi dogo nyuma yake. Leo wateja wanataka kinyume chake: pampu zinajaza matangi, boti inazama kidogo, na wimbi linainuka. Mwendo unaupanga kwenye kioo: kilomita kama 17 kwa saa kwa kupanda wimbi, kama 35 kwa ubao wa kamba, 55 na ushei kwa ski moja. Kompyuta inaushika, wewe unashika usukani tu.

Na kukokota? Hapa fundi wa umeme ana kazi kuliko fundi wa injini. Tela la Marekani hutumia taa moja nyekundu kwa breki na indiketa pamoja, wakati Land Cruiser yetu ina indiketa ya njano peke yake, kwa hiyo lazima kiwekwe kisanduku cha kuzichanganya. Breki za tela hujikaza gari linapopunguza mwendo na tela kulisukuma kwa mbele. Safi sana, mpaka uingize rivasi: tela linadhani unafunga breki, linagoma. Dawa ni waya mmoja kutoka taa ya rivasi kwenda kwenye koki ya umeme inayoziachia. Waya mmoja! Kisha kuna lile tunda la chuma la kuunganishia. Matela mengi ya huko hupimwa kwa inchi, magari yetu mengi yana tunda la milimita 50. Inchi mbili ni milimita 50.8. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini kwenye miteremko ya Mikese, huku lori la kwenda Zambia likikupumulia mgongoni, hutaki tofauti yoyote. Nunua tunda la saizi yake.

Barabarani tela lilitulia mno. Nilikuwa nageuka kuangalia kama bado liko.

Ghuba ya Msasani alfajiri, kabla upepo haujaamka, ni kama sahani ya bati. Boti iliteremka, ikaelea, tela likapanda bila kitu, na dakika chache baadaye nilikuwa nyuma yake nikipiga kelele zisizolingana na umri wangu. Wimbi linasukuma lenyewe! Unatupa kamba ndani ya boti na bado unakwenda! Mvuvi wa ngalawa akipita, unapunguza mwendo kabisa, maana wimbi linalokufurahisha wewe linamjazia yeye chombo. Hilo halina mjadala.

Lawama zangu ni mbili. Inakunywa: lita 20 kwa saa si ajabu, na zaidi matangi yakijaa. Na rangi ya tela, ing'aayo hivi, ni ya watu wa maziwani. Mwenye nia ya kushua baharini aagize chuma kilichochovywa zinki, hata kama hakipendezi.

Kuhusu Bwawa la Mindu, nimeulizwa na kila mtu. Liko pale pale, barabara ya Iringa, shwari, linatia tamaa. Jibu ni hapana. Sehemu kubwa ya mji inakunywa humo, na petroli haina nafasi kwenye kikombe cha chai cha mtu. Kwenye Bwawa la Mtera nako kuna viboko, na kiboko hana habari na indiketa za rangi yoyote.

Basi ni Msasani. Tunachagua siku za maji mafu, maana bamvua likipwa mteremko wa kushulia huishia kwenye tope na tela hukwama. Jumamosi maji yanajaa saa nne asubuhi, tunaondoka Msamvu saa tisa usiku, na kiti kimoja kiko wazi kwa atakayechangia mafuta.