Duara Mia Moja

Anayepimwa kifua kikuu kwa skani ya PET hufunga kula kwa muda wa saa sita hivi, akadungwa sukari iliyotiwa mnururisho, kisha hulala kimya karibu saa nzima. Hatembei wala hapigi gumzo, kwani msuli unaofanya kazi nao hula sukari na kuvuruga picha. Pale ugonjwa unapofukuta, seli za kinga huila sukari ile kwa pupa na pafu likang'aa. Mwaka 2016 watafiti wa Afrika Kusini waliripoti kwamba wengi waliomaliza dawa na kuhesabiwa wamepona, mapafu yao bado yaling'aa.

Nairobi mashine hiyo ipo. Hospitali ya Aga Khan ilizindua yake mwaka 2018. Lakini sukari yenyewe hupoteza nusu ya mnururisho kila dakika 110. Isafirishwe kilomita 170 hadi Kitui, mwendo wa saa tatu, na itabaki theluthi tu, wala huko hakuna mashine ya kuisoma. Basi Kitui na Makueni, kama ugonjwa unazimika au la hujulikana kwa mtu aliyeinamia hadubini.

Kipimo cha GeneXpert husifiwa, na kinastahili: chini ya saa mbili hutambua TB na usugu wa rifampisini. Ila huokota hata vinasaba vya vijidudu vilivyokufa, kwa hiyo hakifai kufuatilia tiba.

Mtaalamu mzuri wa maabara huanza kwa kuchungulia mkebe wa makohozi. Mate matupu huyakataa. Huchagua kipande kizito chenye usaha, akakipaka kwenye kioo kwa wembamba ambao maandishi ya gazeti yangesomeka chini yake. Humwagia rangi nyekundu na kuipasha moto mpaka mvuke utoke, bila kuichemsha. Kisha spiriti yenye asidi huosha wekundu wote, isipokuwa kwa kijidudu cha TB, ambacho ganda lake la nta hung'ang'ania rangi. Mwisho hutia samawati, na vijiti vyekundu, kama vipo, hujitokeza.

Hapo ndipo uvumilivu unapopimwa. Tone la mafuta, lenzi kubwa, duara baada ya duara, mpaka 100, kabla ya kuthubutu kuandika "hakuna". Akikuta vijidudu 4 tu katika duara zote hizo, haandiki "vichache", anaandika 4. Mimi naiheshimu hiyo 4 kuliko picha nyingi za rangi. Kweli, hadubini haimtofautishi mfu na hai, na jibu likiendelea kuwa baya makohozi hupelekwa kuoteshwa. Lakini idadi inayoshuka kutoka mwezi hadi mwezi ni habari ambayo daktari wa mji wa Wote au wa Mwingi anaweza kuifanyia kazi.

Kwa hiyo ukiambiwa ulete makohozi mwezi wa pili, wa tano na wa sita, yalete, hata kama kikohozi kimekwisha na umeanza kunenepa. Yatoe kifuani, asubuhi, kabla ya chai.