Ushirika na Hofu: Kukisoma Tena Kitabu cha Monica Wilson juu ya Vijiji vya Rika

Miongoni mwa vitabu vilivyoandikwa juu ya maisha ya kale ya watu wa Rungwe, kinachopendwa kuliko vyote katika insha za wanafunzi wa theolojia ni Good Company cha Monica Wilson, kilichotoka mwaka 1951. Hutajwa kwa kusudi moja: kuonyesha kwamba Wanyakyusa waliujua ushirika wa kanisa kabla ya wamisionari kufika mwaka 1891. Katika makala hii tunakusudia kuuliza iwapo kitabu chenyewe kinasema hivyo.

Tuanze na lile ambalo kitabu hiki kinasifiwa kwa haki. Bibi Wilson, binti wa wamisionari wa Lovedale, Afrika Kusini, pamoja na mumewe Godfrey walifanya utafiti wao kati ya 1934 na 1938, nao waliandika habari za jamii ambayo mfano wake ni nadra duniani. Mvulana alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika. Alirudi kulima shamba la baba na kula chakula cha mama, lakini alikuja na kundi la wenzake, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama wa mwingine. Walipooa waliwaleta wake zao papo hapo, na vibanda vya wavulana vikawa kijiji. Kisha, mara moja katika kila kizazi, ilifanyika ubusoka, sherehe ambayo wazee waliwakabidhi vijana wao utawala. Sababu iliyotolewa ilikuwa adabu: haifai mke wa mwana akutane na baba mkwe, wala mwana asikie mambo ya faragha ya wazazi wake. Sisi tunaofundisha Amri ya Nne kila mwaka wa kipaimara tungefanya vema kutua hapo kidogo, maana hapa heshima kwa wazazi ilijengwa kwa mianzi na nyasi.

Jina la kitabu limetokana na neno ukwangala, yaani kukaa pamoja watu wa rika moja, kula, kunywa na kuzungumza kwa furaha na kwa adabu. Wengi wetu tumekomea hapo. Lakini mwandishi hakukomea hapo. Anaeleza kwamba wanakijiji walisadiki kuwa baadhi ya majirani wana chatu tumboni, na kwamba wachawi hao hutamani hasa nyama na maziwa. Walisadiki pia kwamba wako walinzi waonao usiku, wakiongozwa na wakuu wa kijiji. Mtu aliyechinja ng'ombe akawanyima wenzake alinung'unikiwa, na manung'uniko hayo yaliitwa pumzi ya watu: humwingia mkosaji kama baridi, naye akaugua. Basi aliyekunywa nawe pombe mchana ndiye huyo huyo aliyeweza kukulinda usiku, au kukudhuru. Ushirika ule ulikuwa wa kweli, hatukatai. Lakini mlinzi wake alikuwa hofu. Anayechukua nusu ya kwanza na kuiita koinonia, akaiacha nusu ya pili kitabuni, hamtendei haki mwandishi wala wazee waliomsimulia.

Tena kijiji cha rika kilikuwa cha wanaume. Mwanamke hakuwa na kijiji cha rika lake; alihamia kwa mumewe, mara nyingi akiwa msichana bado, kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Bibi Wilson mwenyewe alilirudia jambo hili katika For Men and Elders, mwaka 1977, kitabu ambacho kwa maoni yetu kina uzito zaidi ingawa hakisomwi sana.

Liko pia swali la ushahidi. Habari nyingi tulizo nazo za Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki ulioanguka mwaka 1521, zilikusanywa na mtawa Bernardino de Sahagún kwa wazee, akisaidiwa na vijana wenyeji waliosomeshwa na kanisa. Rungwe nako hali ilifanana na hiyo: akina Wilson walimtegemea sana karani wao, Leonard Mwaisumo, na mchango wa wasaidizi kama yeye ulielezwa wazi katika kitabu kilichohaririwa na Andrew na Leslie Bank mwaka 2013. Simon Charsley, katika The Princes of Nyakyusa cha 1969, naye aliipima upya picha ya akina Wilson. Kwa hiyo anayesema "tangu kale" hana budi kueleza ni kale ipi.

Bibi Wilson aliporudi mwaka 1955 vijiji vya rika vilikuwa vikififia. Kahawa ni mmea wa kudumu, na mwenye mikahawa hupenda kumwachia mwanawe, si rika lake. Katika vijiji vya Kikristo baba na wana walikuwa tayari wakikaa pamoja. Hofu haikuondoka na vibanda vile. Mchungaji aendaye msibani katika vilima vya Tukuyu huweza kukuta, kabla hajafungua kitabu cha ibada, kwamba watu wamekwisha kuulizana chini chini marehemu alikosana na nani.