Chasi ya Land Cruiser Huliwa kutoka Ndani

Ifo, kambi ya wakimbizi huko Dadaab, Kenya, ni nchi kavu. Mchanga ni mwekundu, jua ni kali karibu mwaka mzima, na bahari iko mbali. Hata hivyo, ukilala chini ya Land Cruiser kuukuu inayofufuliwa katika gereji za sokoni, ukaigonga chasi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, aghalabu utafika mahali mlio unapobadilika ghafla, chuma kikaanza kulia kama debe. Juu yake rangi bado inang'aa. Kutu imekula kutoka ndani.

Land Cruiser za familia ya 70, zilizoanza kuundwa mwaka 1984, zimetumika sana Ifo, kambi iliyofunguliwa mwaka 1991. Chasi ya kila moja ni boriti mbili ndefu zenye uwazi ndani, zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama. Boriti hizo zina matundu mengi: ya kupitishia bolti, ya waya, na ya kutolea maji. Matundu hayo hayo ndiyo yanayoingiza mchanga. Mchanga mkavu hauna madhara makubwa. Shida huja na mafuriko kama yale ya mwisho wa 1997, ya Novemba 2006 yaliyoifunika sehemu kubwa ya Ifo, au ya 2023, pale gari linapopita kwenye maji yanayofika kwenye ekseli. Matope hujaa ndani ya boriti na kuziba matundu ya kutolea maji. Nje hukauka kwa siku moja. Ndani hubaki unyevu kwa wiki kadhaa.

Halafu kuna chumvi. Gari lililotumika maeneo ya baridi ya Japani limekanyaga barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Lililofanya kazi Mombasa limepulizwa na upepo wa bahari. Hata maji ya visima yanafaa kuangaliwa: hifadhi ya maji ya Merti, inayoinywesha Dadaab, ina maji matamu katikati na ya chumvi pembezoni. Chumvi hufyonza unyevu wa hewa usiku, ikakifanya chuma kiendelee kuliwa hata pale ambapo hakuna tone la mvua.

Tatizo hili si la mafundi wa gereji ndogo peke yao. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kwa wenye Tacoma, Tundra na Sequoia, waliolalamika kwamba chasi hazikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu. Kama chasi mpya kutoka kiwandani inaweza kufika huko, iliyochomelewa viraka inahitaji uangalifu zaidi.

Kazi huanza kwa kuondoa uchafu, na hapo, kwa Ifo, pana swali la haki. Viwango vya Sphere vya misaada ya kibinadamu vinataka mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Kuosha uvungu wa gari kwa mpira wa maji ni kumwaga mgao wa familia nzima. Kwa hiyo nawaunga mkono mafundi wanaoanza kwa ukavu: tangi la mafuta linashushwa, matope yanakwanguliwa kwa patasi, boriti zinachokonolewa kwa waya mnene, kisha upepo wa kompresa unasukuma mchanga utoke upande wa pili. Maji huja mwisho, machache, yale matamu, kwa ajili ya kusuuza chumvi tu. Baada ya hapo gari huachwa juani hadi chuma kiwe cha moto ukikigusa. Katika hilo Ifo inaishinda gereji yoyote ya pwani.

Kuna kishawishi cha kuusafisha uvungu kwa kuupulizia mchanga, kwa kuwa mchanga upo tele. Usifanye hivyo. Vumbi lake lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Brashi ya waya kwenye grainda inatosha, na anayeishika avae miwani na barakoa nzito.

Kuchomelea viraka kumalizike kabla ya kinga yoyote kupakwa. Moto huunguza rangi pande zote mbili za bati, na ule upande wa ndani usioonekana hubaki uchi. Pale ambapo kutu imebaki kwenye mashimo madogo, asidi ya fosforiki huigeuza kuwa fosfeti ya chuma, tabaka gumu linaloshika rangi. Lakini haifanyi kazi juu ya magamba yaliyolegea. Kisha hufuata rangi ya msingi ya epoksi; redoksaidi ya kawaida hupitisha unyevu baada ya muda.

Wengi hufunika yote kwa lami nene nyeusi, na wateja huipenda kwa sababu gari huonekana jipya. Mimi siipendi kwa gari la huku. Jua huikausha ikapasuka, mawe ya barabara ya Garissa huitoboa, maji yakapenya nyuma yake na kukaa. Tangu hapo lami inaificha kutu isionekane. Oili chafu ya injini ni mbaya zaidi: inashika vumbi, inalainisha bushi za mpira, na inadondokea ardhi ambayo watoto wanachezea. Bora tabaka mbili za epoksi juu ya chuma kikavu, kisha kinga ya mpira kwenye matao ya magurudumu peke yake, maana huko ndiko mawe yanakopiga.

Ndani ya boriti rangi haifiki, kwa hiyo huko ni kazi ya nta. Mpira mwembamba wenye ncha iliyozibwa na kutobolewa matundu pembeni huingizwa hadi mwisho wa boriti, kisha huvutwa taratibu huku kompresa ikisukuma nta iliyoyeyushwa. Kiyeyushio chake hushika moto, kwa hiyo sigara na mashine ya kuchomelea zikae mbali. Ichaguliwe nta isiyoyeyuka kwa joto kali, la sivyo mchana wa Februari itachuruzika yote. Fundi akimaliza, apitishe waya katika kila tundu la kutolea maji, kwa sababu nta iliyoganda huziba kama matope.

Ukaguzi wa kwanza unafaa ufanywe baada ya mvua za Aprili, na sehemu tatu zitazamwe kabla ya nyingine: vishikio vya springi za nyuma, sehemu ya juu ya tangi la mafuta, na paipu za breki zinapopita juu ya ekseli. Paipu yenye vipele vya kutu ibadilishwe siku hiyo hiyo, kabla gari halijabeba abiria tena.