Ubeti Uliozama

Mwimbaji wetu alisahau maneno tulipokuwa tunapita nyuma ya kisiwa cha Mbudya. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi linavuma, boti imekodiwa na ndugu wa bwana harusi, nasi wanamuziki watano tumebanwa nyuma kabisa, bega kwa bega na jenereta. Mimi nilikuwa kwenye besi. Wimbo ulikuwa wa dansi, wa zamani, katika zile ambazo bendi za hoteli hazikosi kuzipiga Jumamosi. Jamaa ameuimba pengine mara mia. Ubeti wa kwanza safi, wa pili safi. Boti ikakata kona kuukabili upepo, ikainuka, ikashuka, naye akafungua kinywa aanze ubeti wa tatu, kimya. Akanyanyua mkono. "Samahanini jamani, samahanini." Ngoma zikakatika, gita likakatika, nami nikaachia nyuzi. Kilichobaki kinatumbuiza ni jenereta.

Bibi mmoja aliyeketi karibu na ukingo akamwambia, "Endelea baba, mbona twaujua sote," kisha akaanza kuutaja ubeti wenyewe neno kwa neno. Watu wakaangua kicheko. Tulianza upya, lakini shughuli ilikwisha kupoa, na wakati wa malipo mwenye shughuli alikuwa na la kusema.

Niliporudi nyumbani niliitafuta rekodi ambayo nimekuwa nayo miaka mingi bila kuisikiliza kwa sikio la fundi: Ella Fitzgerald, ukumbi wa Deutschlandhalle, Berlin Magharibi, tarehe 13 Februari 1960. Mbele ya watu wapatao 12,000, Ella alipotewa na maneno ya Mack the Knife, na hakupotewa na mstari mmoja tu. Sehemu kubwa ya mwisho wa wimbo ilimtoka. Mwaka 1961 wimbo huohuo, na kusahau kwake kukiwa ndani, ulimpatia tuzo ya Grammy. Sisi tulisahau ubeti mmoja tukakatwa pesa. Watu wakisimulia kisa cha Ella husema "kipaji", halafu wanaishia hapo. Mimi nataka kufungua boneti.

Tuanze na wimbo, kwa sababu ni mtego kwa mtu yeyote asiyeiamini kumbukumbu yake. Muziki ni wa Kurt Weill, maneno ya Kijerumani ni ya Bertolt Brecht, na ulisikika mara ya kwanza katika tamthilia yao Die Dreigroschenoper, Berlin hiyohiyo, tarehe 31 Agosti 1928. Umeiga nyimbo za waimbaji wa mitaani waliosimulia mauaji huku wakizungusha kinanda cha mkono. Inasimuliwa kwamba usiku ule wa kwanza kinanda kiligoma, ubeti wa kwanza ukapita bila ala, okestra ikaingia baadaye kuokoa jahazi. Kama ni mkosi, wimbo huu umezaliwa nao.

Hauna kiitikio. Hilo ndilo jambo la kwanza kulijua. Ni baa 16, halafu baa 16 zilezile, halafu tena zilezile. Ubeti mmoja una papa na meno yake. Mwingine una mwili wa mtu uliolala njiani Jumapili asubuhi. Mwingine una mashua mtoni na mfuko wa saruji unaoning'inia. Kila ubeti umebeba maiti yake, na hakuna maiti inayomjua mwenzake. Chukua wa tatu uuweke mahali pa wa nne, hadithi haidhuriki. Msikilizaji hupata raha, lakini mwimbaji anatembea barabara isiyo na vibao.

Mwanasaikolojia wa Marekani, David Rubin, aliandika kitabu kizima mwaka 1995 juu ya namna tenzi, nyimbo na mashairi ya watoto yanavyokaa kichwani. Kwa ufupi, mwimbaji haweki maneno kichwani kama mtu anavyoweka noti sandukuni. Mstari huvutwa na mstari uliotangulia. Kina, pigo na picha hupunguza maneno yanayoweza kufuata hadi libaki moja au mawili. Sasa ukiwa na beti zisizovutana, na hakuna kiitikio cha kukurudisha nyumbani, uzi ukikatika umekatika. Tena Ella alijiongezea mzigo: bendi yake ilikuwa inapandisha kii kwa nusu toni baada ya mzunguko. Hilo hutia moto, lakini huondoa njia ya kurudi nyuma. Huwezi kusema turudie ubeti ule, kwa sababu ubeti ule umebaki ghorofa ya chini.

Kazi yake ya kwanza ya ufundi aliifanya kabla hajaimba hata noti moja. Aliwaambia watu kwamba wimbo huu hajausikia ukiimbwa na mwanamke, na kwamba ni matumaini yake atayakumbuka maneno yote. Wengi huuchukua kama utani wa jukwaani. Mimi nauita bima. Wimbo ulikuwa unavuma kweli: Louis Armstrong aliurekodi mwaka 1955, Bobby Darin akaufikisha kileleni mwa chati za Marekani mwaka 1959. Ella hakuwa na desturi nao. Kwa sentensi mbili aliwafanya watu 12,000 kuwa upande wake, ili likitokea la kutokea waone ahadi imetimia, wasione aibu. Mwimbaji wetu pale Mbudya aliutangaza wimbo kama mtu anayeuza shamba.

Kisha yakaja. Beti za mwanzo alizipitia vizuri, tena kwa raha. Ulipofika mzunguko ambao haukuwa na kitu, aliuliza kinachofuata ni nini. Sikiliza namna alivyouliza: aliliimba swali. Lilitua kwenye pigo ambalo ubeti ulipaswa kuanzia, likapita kwenye noti za Weill, likafika mwisho pale mstari unapofikia mwisho. Asiyejua Kiingereza hawezi kujua kwamba kuna kilichovunjika, na ukumbini mle walijaa Wajerumani. Kilichopotea ni maana peke yake. Mizani ilibaki nzima.

Hapo ndipo nilipousimamisha muziki nyumbani nikakaa kimya kidogo. Mwimbaji aliyesahau huwa na mikono miwili: mmoja umeshika maana, mwingine umeshika muda. Kwa woga huachia muda ili aikimbize maana. Ella aliiachia maana, akaushika muda. Ukimsikiliza mara tatu nne utaona kwamba hata anapookota vipande vya ubeti uliopotea, hasimami kuutafuta mzima. Angesimama kuutafuta, sauti ingesita, maana kutafuta neno na kulitoa kwa wakati mmoja ni kazi mbili.

Badala yake alianza kueleza kilichokuwapo mbele yake. Kwamba wimbo huu unapendwa. Kwamba Darin ameuimba na Armstrong ameuimba, wote wameutoa kwenye santuri. Kwamba sasa yeye na vijana wake wanauvunjavunja. Kwa Kiingereza neno alilolitumia kwa huko kuvunja ndilo hilohilo la meli iliyopasuka mwambani, na linakaribiana kwa sauti na neno la kurekodi, kwa hiyo mzaha uliingia na kina pamoja. Wapigaji wake akawaita kwa neno linalokwenda sambamba na jina lake Ella. Haya hayatoki katika ghala la kumbukumbu lililofungwa. Yanatoka machoni. Mtu aliyesahau shairi hajasahau jina lake, wala jina la mji aliomo, wala watu waliosimama nyuma yake, na majina hayo yakipangwa juu ya pigo yanatosha kuujaza ubeti. Manju wa ngoma zetu wanalijua hili siku nyingi: ukimwona mwenye shughuli anaingia, mtaje, mtaje na mjomba wake, ubeti umekamilika.

Halafu akamleta Armstrong mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Wawili hawa walikwisha kurekodi pamoja, kwa hiyo Ella alikuwa anaigiza mtu anayemjua. Kwa mahesabu ya fundi, huo ni muda mrefu uliojazwa kwa silabi tupu, ile skati, na ukumbi ukalipuka. Alikuwa na miaka 42, na robo karne jukwaani tangu ashinde shindano la vipaji pale Apollo, Harlem, mwaka 1934. Katika onyesho hilohilo la Berlin kuna How High the Moon, ambamo anaimba skati kwa dakika kadhaa mfululizo. Kwa mtu wa namna hiyo, ukosefu wa maneno ni chumba kingine cha nyumba yake.

Mwisho aliuaga mji wa Berlin ndani ya wimbo, akatua kwa noti inayotakiwa. Kutua ni nusu ya kazi. Nimeona waimbaji wanaookoa ubeti vizuri kisha wanazurura, hawajui watoke wapi, bendi inazunguka kama daladala inayotafuta abiria.

Na bendi? Paul Smith piano, Jim Hall gita, Wilfred Middlebrooks besi, Gus Johnson ngoma. Nilimsikiliza Middlebrooks peke yake, kwa husuda kidogo. Hatetereki. Mwimbaji anauliza swali la maangamizi, naye anaendelea kutembea kana kwamba swali lilikuwemo kwenye karatasi tangu mazoezini. Hakuna anayenyamaza kumsubiri, na hakuna anayeongeza sauti kumfunika. Mimi siku ile niliachia nyuzi mara tu mkono wa mwimbaji uliponyanyuka. Kwa hiyo nikiulizwa nani alimzamisha, sitaonyesha kidole mbele.

Ila Berlin palikuwa na kuta, na hapa bahari inaingia. Ukumbini sauti hugonga ukuta ikamrudia mwimbaji, naye hujisikia. Juu ya maji hakuna cha kuirudisha, ikitoka imekwenda. Upepo wa kusi huingia kwenye maiki ukavuma kama mtu anayepuliza chupa, hasa kama sponji ya maiki imesahaulika nyumbani, kama tulivyoisahau sisi. Injini na jenereta zote huunguruma chini, katika eneo lilelile la sauti ambamo besi huishi, na ungurumo mzito huimeza besi nyepesi. Juu ya hayo, miguu na sikio la ndani vina kazi ya kumsimamisha mtu kwenye sakafu inayopanda na kushuka, na akili inayolinda mwili usianguke haina nafasi kubwa ya kulinda ubeti. Tulipoteremka nilimuuliza ilikuwaje. "Kaka," akasema, "besi ilipotea kwanza. Maneno yakafuata." Ile kona tuliyokata ndiyo iliyoigeuza spika yake upande wa upepo.

Meli kubwa za kitalii zina kumbi zenye kuta na viti vya kitambaa, kwa hiyo shida hiyo wameimaliza. Wana nyingine. Maonyesho mengi kule hupigwa juu ya muziki uliorekodiwa, na plebeki haina adabu: haikusubiri, haizunguki mara moja zaidi ukijikuna kichwa. Bendi ya Ella ingeweza kuzunguka hadi asubuhi.

Taarabu yetu ilimjengea mwimbaji ngazi za kupumulia. Vina vya kati na vya mwisho, mizani 16 kwa mstari, kituo kinachorudi, na katikati ya beti ala zinaingia kwa nafasi, watu wanainuka kutunza, naye anapata muda wa kuuita ubeti unaofuata. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi mwaka huohuo wa 1928 ambao Brecht na Weill walikuwa wanafungua pazia lao. Enzi hizo muziki ulichongwa moja kwa moja kwenye nta, kama dakika tatu kila upande, na kosa halikufutika. Ulianza upya na nta mpya. Ndani ya zile dakika tatu, kina ndicho kilichomshikia taa.

Kosa la Ella lingeweza kufichwa: Norman Granz, mwenye lebo ya Verve iliyotoa rekodi ile, angeweza kuutupa ule wimbo wa Berlin na kubaki na nyimbo nyingine za usiku ule zisizo na doa. Aliuacha kama ulivyo, akaipa albamu nzima jina la wimbo huo.

Sisi tuna makubaliano mapya. Mwimbaji akipotewa aimbe chochote, hata majina ya visiwa tunavyovipita, mkono haunyanyuki. Neno la kwanza la kila ubeti limeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi na kubandikwa sakafuni kwa selotepu. Mimi siachii nyuzi hata boti ikigonga mwamba. Desemba, kaskazi likianza, tumekodiwa tena kwa harusi nyingine, na sharti pekee tulilompa mwenye boti ni kwamba jenereta lifungwe mbali na besi.