Tanuri la Wahaya na elektroni sita

Mwaka 1976, magharibi mwa Ziwa Viktoria, wazee wa Kihaya waliwasha tena tanuri la chuma. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa tangu zamani, majembe ya dukani yalipoenea. Peter Schmidt na Donald Avery waliichunguza kazi ya wazee hao, wakachapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1978. Tangu hapo linalosimuliwa zaidi ni joto. Walidai kuwa mirija ya udongo, iliyozama ndani ya tanuri, ilipasha hewa moto kabla haijafikia makaa. Wataalamu wengine wakapinga, na ubishi ukawa mrefu.

Kwangu mimi, kazi kubwa si joto. Wazee walianza kwa kuubanika mtapo juu ya kuni. Ukakauka, ukapasuka, lakini chuma hakikutoka. Mtapo ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na oksijeni haiachii kwa kuchomwa tu. Sharti apatikane mwingine anayeitaka zaidi.

Huyo ni kaboni. Mivukuto ikipuliza, mkaa unawaka na kutoa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda kati ya makaa mekundu inageuka kaboni monoksidi, yenye njaa ya oksijeni. Hapo ndipo biashara inapofanyika:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Hesabu elektroni. Kila atomu ya chuma inatoka +3 hadi 0, maana yake imepokea elektroni tatu. Zikiwa mbili, sita. Kila kaboni inatoka +2 hadi +4, imetoa mbili. Zikiwa tatu, sita. Kaboni imeoksidishwa, chuma kimepunguzwa. Neno “kupunguzwa” huwasumbua wanafunzi, na wana haki: vipi kitu kinachopokea kiitwe kimepunguzwa? Kinachopungua ni namba ya oksidisho, kwa kuwa elektroni ina chaji hasi.

Sasa tazama mtego uliowakabili wavukutaji. Bila hewa, mkaa hauwaki. Hewa ikizidi, oksijeni inakifikia chuma kipya na kukirudisha kilikotoka. Kwa hiyo mkono wa mvukutaji ndio uliokuwa kipimo, na mkaa ulirundikwa mwingi kuliko unaohitajika kwa moto peke yake.

Ujanja ninaoupenda zaidi ulikuwa chini. Shimo la tanuri lilijazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa. Mavi ya chuma, yaani takataka iliyoyeyuka, yalitiririka humo yakiwa bado na oksidi ya chuma, yakakutana na kaboni kwa mara nyingine. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Mavi yake huyeyuka karibu na 1200. Ndiyo maana takataka ilishuka kama uji, na chuma kikabaki bonge la kupelekwa kwa mhunzi.

Si chuma chote kilichookolewa. Kingine kiliishia kwenye +2, kimefungwa pamoja na silika ndani ya mavi hayo. Hasara hiyo ndiyo inayowanufaisha wanaakiolojia: chuma safi huliwa na kutu kikapotea ardhini, lakini mavi ya chuma hudumu, na katika mabonge ya kale ya Buhaya bado zinaonekana chapa za mabua ya kinamasi.