Joho la Chupa

Mvinyo mwekundu wa Dodoma ulisafiri kilomita zipatazo 240 hadi Singida mjini ukiwa umelazwa miguuni pa abiria, na ulipofika kwangu lebo yake ilikuwa imechubuka vibaya. Mpwa wangu, fundi cherehani, aliitazama chupa akasema haikai mezani uchi. Tuivalishe mumiani.

Joho alilikata kwenye sketi ya shule iliyochakaa. Bitana nyekundu ilitoka kwenye masalia ya gauni la kipaimara. Kola ndiyo iliyomtoa jasho. Mnyonya damu mwenye kola iliyolala hufanana na mzee aliyetoka kuoga. Akatia kipande cha boksi katikati, akashona pindo kwa mkono, akapiga pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama yenyewe. Chonge mbili akazichonga kwenye kigae cha kibuyu kilichovunjika, akazisugua kwa msasa, akazining'iniza shingoni kwa uzi mweupe. Nimeona mapambo ya dukani yaliyogharimu fedha nyingi, lakini hakuna hata moja lililonifanya niinamishe kichwa kutazama mshono.

Ughaibuni mzaha huu hauna mwiba. Tangu Bram Stoker atoe riwaya yake ya Dracula mwaka 1897, mnyonya damu amekuwa bwana wa ngome mwenye adabu, na Marekani kuna mvinyo unaouzwa kwa jina la Vampire. Mumiani wetu hakuwahi kuwa na ngome. Enzi za ukoloni alidhaniwa kuja kwa gari. Nairobi na Kampala wazimamoto waliogopwa, watu wakiamini wanakamata wapita njia na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliuandikia uvumi huo kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000. Na Singida ina hofu yake nyingine: mauaji ya miaka ya 1940 yaliyohusishwa na watu-simba. Hayo hayatajwi mbele ya chakula.

Ndiyo maana shangazi alipoingia moyo ulinipiga. Mezani palikuwa na kuku wa kienyeji, ugali wa uwele na mlenda, na katikati yake mumiani kasimama kola juu.

"Huyu naye mmemkaribisha?"

Hakuna aliyejibu. Akamnyanyua, akafunua joho, akakagua bitana kwa ncha ya kidole. Shangazi ni mtu wa vibuyu. Anajua kuuacha mung'unye ukaukie kwenye mmea wake, kuujaza maji mpaka nyama ya ndani ioze, kukwangua, kufukiza moshi. Kibuyu chake kikipata ufa hakitupwi. Hutobolewa kando ya ufa na kushonwa, na mshono huo ndio urembo wake. Macho ya namna hiyo hayatishwi na chonge.

"Shingo umeibana," akamwambia mpwa wangu. "Atamiminaje?"

Uzi ukalegezwa, mvinyo ukamiminwa. Yeye hakunywa. Alikuwa amekuja na kibuyu cha asali ya Itigi, kizibo chake gunzi la mahindi, na chupa ilipokwisha alilivua joho akakivisha kibuyu hicho. Halikufika, kibuyu kina tumbo.

Akaomba sindano.